Kihenge cha Bi Punda

Paukwa!

Pakawa!

Hee, nyie mmekula kweli leo? Paukwa!

PAKAWA!

Sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, kiboko alipokuwa na shamba na punda alipokuwa na ujira, Bi Punda alimbebea Bwana Kiboko mpunga. Asubuhi, ti-ti-ti, anapanda. Jioni, ti-ti-ti, anashuka. Alianza kazi akiwa mwari. Akabeba, akabeba, mpaka meno yakamtoka.

Nchi ile ilikuwa na sheria yake. Kila mavuno mfanyakazi hukatwa pishi moja ya mpunga katika ujira wake. Mwajiri naye huongeza pishi moja ya kwake. Zote mbili huingia kwenye kihenge cha uzee, watu wakiimba:

*Pishi yako, pishi yangu,*
*Kihenge kijae, uzeeni tule!*

Imbeni nanyi, msinitazame tu!

Bwana Kiboko aliimba kuliko wote. "Nenda kapumzike, Bi Punda," alikuwa akisema. "Nitamimina mwenyewe." Akizunguka nyuma ya nyumba, fwaa! Bi Punda akisikia fwaa, moyo wake hutulia. Jamani, mpunga haulii fwaa. Mpunga hulia chwaa! Lakini Bi Punda alikuwa na imani, na mwenye imani hata masikio marefu hayamsaidii.

Siku ya kustaafu ikafika. Ngoma, vigelegele, wanyama wote uwanjani. Na desturi ilikuwa hivi: bakuli la kwanza huchotwa chini kabisa ya kihenge, likapikwa, na mwajiri akalila mbele za watu. Ndipo mzee akabidhiwe chake.

Kanga, mpishi wa shughuli, akaingiza mkono. Juu, mpunga kidogo. Chini, makapi. Chini zaidi, makapi. Akamwendea Bwana Kiboko, akamnong'oneza, "Bwana, humu hamna cha kutwanga."

"Funga mdomo. Pika hivyo hivyo!"

Safari hii masikio ya Bi Punda yalisikia yote. Nani atamwajiri punda kibogoyo? Atakula nini masika yakija? Machozi yakamlengalenga, karibu aangue kilio mbele ya wageni.

Bakuli likaja, linafuka moshi. Bwana Kiboko akatia kijiko. Nyam! Jicho likamtoka. Nyam! Shingo ikamvimba.

"Vipi, Bwana?" wanyama wakauliza.

"Mta... kho! Mtamu! Mpunga huu, kho kho, mtamu kuliko ule wa ghala langu!"

Masikio ya Bi Punda yakasimama wima.

"Mtamu kuliko wa ghala lako, Bwana?"

"Kuliko! Mara mia!"

"Oo, basi mimi siustahili," akasema Bi Punda kwa unyenyekevu mwingi. "Mimi mzee, sina hata meno. Chukua kihenge hiki, Bwana wangu. Mimi nipe lile ghala lako lenye mpunga mbaya, nitajikaza hivyo hivyo."

Uwanja ukalipuka. "Badilisha! Badilisha!" Kanga akaanguka chali kwa kicheko, miguu juu.

"Hapana," Kiboko akasema, "mimi... ghala langu..."

"Unakataa kitamu, Bwana? Kwani humu mna nini?"

Kiboko akafungua kinywa ajitetee. Akafungua, akafungua, na makapi yakatoka, PUUU! yakafunika wageni wote mpaka kope. Na maneno yakatoka nayo: "Pishi zake nilikula! Zangu sikutia!"

Basi ghala likahama siku ile ile, chwaa, chwaa, chwaa, na Bi Punda akala uji laini mpaka kufa kwake. Bwana Kiboko akabaki na kihenge. Ndiyo maana mpaka leo hula majani, na ukimwona ameachama mtoni usidhani anapiga miayo. Makapi hayajamtoka.

Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini huliwa. Basi wewe mwenye wafanyakazi, ulichomkata mtu kitie, na chako kitie, kila mavuno, angali na nguvu. Uzee wake si mali yako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye makapi mdomoni, akasukutue.