Kilichobaki Tumboni mwa Hoza

Habari iliyozibwa mdomo hurudi na meno.

Mmeisikia redioni sasa hivi. Yule mhariri aliyefungiwa gazeti lake ameisema, na mheshimiwa anayebishana naye akacheka badala ya kujibu. Nipunguzieni sauti hiyo. Watu wawili wakisema kwa pamoja kichwa kinaniuma, na ninyi wajukuu zangu mnanitumbulia macho mnataka kujua methali imetoka wapi. Imetoka huku huku kwetu milimani, wala haikutungwa na mtu aliyekaa kitako akafikiri. Ilianza hivi.

Zamani mji wetu ulikuwa na soko ambalo halikufunguliwa mpaka habari zisemwe. Akina mama walifika na ndizi na maharage yao, wakatua mizigo, lakini hakuna aliyefungua hata furushi moja. Walimngoja mpiga mbiu. Alipuliza baragumu, akapanda kichuguu, akasema nani kafa, nani kajifungua, njia ipi imekatika, ugonjwa umeingia wapi. Akishamaliza alijipiga tumbo kwa kiganja na kusema, "Sina kilichobaki tumboni." Watu wakaitikia, "Tumeshiba." Hapo ndipo biashara ilipoanza. Kile kilikuwa kiapo, si mchezo, kwa hiyo wewe Tunu acha kucheka.

Mpiga mbiu wa wakati huo aliitwa Hoza, mtu wa miguu mirefu asiyejua kutulia, kutwa yuko njiani anatazama na kuuliza. Na mtawala alikuwa Zumbe Mdoe. Zumbe ndivyo walivyoitwa watawala wa milima hii. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa aibu, basi, na mwenye kuogopa aibu akipewa madaraka anachosha watu. Binti yake Semeni alikuwa ameposwa ng'ambo ya korongo, kwa watu wa mlima wa pili. Alikuwa amewekwa ndani kama mila ilivyotaka, anasingwa na kufundwa, na kijana aliyemposa alikuwa chaguo lake mwenyewe. Wakwe walitarajiwa kuleta mahari siku ya soko.

Asubuhi ya siku hiyo Hoza alikwenda kwa Zumbe kumwamkia, akamdokeza anayokwenda kusema. Desturi haikumtaka afanye hivyo. Zumbe ndiye aliyemzoesha, kidogo kidogo, kwa kumkaribisha uji.

"Daraja la korongoni limeoza gogo moja la katikati," Hoza akasema. "Juu linaonekana zima, chini limebaki maganda. Nataka watu wajue, wapite pembeni, mmoja mmoja."

Zumbe akaweka kibuyu cha uji chini. "Hilo usiliseme leo."

"Wakwe zako watapita hapo, Zumbe."

"Ndiyo maana nakwambia. Daraja kajenga shemeji yangu, na mimi ndiye niliyemsifia mbele yao. Leo niwapokee kwa kuwatangazia kwamba nyumba yangu haijui hata kuchagua gogo? Wanakuja na mbuzi, watapita polepole tu. Kesho nitapeleka watu walibadilishe. Na wewe Hoza, jifunze. Si kila habari ni ya kusemwa kila saa. Ukiwatia watu hofu sokoni wanakanyagana."

Najua unachotaka kusema, Tunu. Hilo la mwisho lina ukweli wake, sikatai. Lakini angalia lilimtoka mdomoni likimlinda nani.

Basi Hoza akapanda kichuguu. Akasema ya vifo, akasema ya mtoto aliyezaliwa, akasema bei ya chumvi. Akafika mwisho. Mkono ukanyanyuka kwenda tumboni, ukaishia hewani. Kusema uongo wa kiapo hakuweza, na kuvunja amri aliogopa. Akashuka kimya kimya, akaondoka na baragumu lake.

Soko zima likabaki limeshika vifundo vya mizigo. Hakuna aliyeitikia kwa sababu hakukuwa na cha kuitikia. Kisha mmoja akamnong'oneza mwenzake, kuna kitu kabakiza. Kitu gani? Lazima kikubwa. Hoza ametoka kwa Zumbe, kwa hiyo kitu chenyewe kiko kwa Zumbe. Na kwa Zumbe kuna nini? Mbona Semeni haonekani siku hizi? Kila mtu alijua msichana amewekwa ndani, hata wanawake waliomsinga walikuwepo pale pale sokoni, lakini siku hiyo nani aliwauliza? Kabla jua halijawa kali, habari ilikuwa imekomaa: Semeni ana ndui, baba yake anamficha ili amwoze kabla hajafa.

Wakwe wakatokea wakati huo huo. Walikuwa wamevuka daraja salama, mmoja mmoja, kila mtu na mbuzi wake. Mbele yao alitangulia mshenga wao, mzee Shebughe, mcheshi, ndiye aliyekwenda na kurudi mwaka mzima mpaka posa ikakubaliwa. Mwanamke mmoja akamvuta pembeni na kumwambia, kwa nia njema kabisa, "Babu, rudisheni watoto wenu. Nyumba hiyo ina ndui."

Hapo nani angesubiri? Wakageuka na mbuzi wao.

Hoza alipowaona wanarudi alikimbia hadi kwa Zumbe. "Wakwe wanarudi, wametiwa hofu, wanakwenda kundi zima. Niruhusu nitangaze habari ya gogo."

Zumbe alisimama, akakaa, akasimama tena. "Ukitangaza sasa watajua nilificha."

"Usipotangaza watakufa."

"Ngoja kwanza nimtume mtu akawaambie Semeni ni mzima."

"Baba," Semeni akasema kutoka chumba cha ndani alimofungiwa. "Mwache aseme. Mume wangu yuko kwenye lile kundi."

Hoza hakungoja tena. Alipanda kilimani juu ya korongo na kupuliza baragumu kwa pumzi zake zote, akipiga kelele, "Gogo! Gogo la katikati!" Lakini sauti ya mtu haifiki kule chini darajani, ya baragumu ndiyo inafika. Na wale wageni waliposikia baragumu, wakasema, ndiyo hiyo, sasa ndui inatangazwa. Wakatimua mbio. Wakaingia darajani wote pamoja, watu na mbuzi.

Gogo likakatika. Vijana walidaka kamba za pembeni mwa daraja, yule mchumba akiwa miongoni mwao, wakanusurika. Mzee Shebughe alizama hadi kiunoni kwenye ule uwazi, na ncha za gogo lililovunjika zikamchana paja mpaka mfupa ukaonekana.

Walimlaza kwenye nyasi upande wetu. Zumbe akaja mbio, mara ya kwanza watu kumwona anakimbia. Akapiga magoti na kusema maneno mengi: binti yake ni mzima, hakuna ndui, ni uzushi wa sokoni, wazushi wataadhibiwa. Akamwita Hoza athibitishe. Hoza akathibitisha. Hakuna aliyemsadiki, maana kila aliyekuwa sokoni alikumbuka mkono ule ulioishia hewani, na wageni walikwisha kusimuliwa.

"Tumboni kumebaki nini, Hoza?" mshenga akauliza.

Hoza akamtazama Zumbe, halafu akasema yote: gogo, uji, amri. Akajipiga tumbo, na hakuna aliyesema tumeshiba.

Mzee Shebughe akafunua kitambaa kilichofunika paja lake. Hakuwa na ucheshi tena. "Zumbe, habari yenyewe ilikuwa ndogo. Ingesemwa asubuhi tungecheka, tukapita pembeni. Wewe umeiziba mdomo. Tazama, imerudi na meno."

Posa ikafa siku ile. Wakwe walisema hawana neno na msichana, ila hawawezi kuoa kwenye nyumba iliyojua na ikawaacha wakanyage. Semeni alitolewa ndani bila ngoma. Wanasema alimuuliza baba yake swali moja tu: "Ulikuwa unawaficha gogo nani, baba? Wale wale watakaolikanyaga?" Zumbe alikaa na swali hilo mpaka akazeeka. Hakumwita tena mpiga mbiu kunywa uji.

Haya, ongeza sauti ya redio. Mheshimiwa amemaliza kucheka, sasa anajibu, na mimi nataka nione kama mkono wake utafika tumboni. Habari iliyozibwa mdomo hurudi na meno.