Kopo la Mafuta la Mama Doto

Ko! Kifuniko cha kopo kiligonga sakafu kabla jogoo hajawika. Kasilda, mjane aliyejulikana zaidi kama mama Doto, alikuwa amekaa kitandani akijipaka mafuta mazito kila mahali mikono yake ilipofika. Tangu utotoni alikuwa na pumu ya ngozi. Ngozi yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi, na jasho likiipata, iliwaka kama iliyopakwa pilipili. Daktari alimwonya afanye kazi asubuhi na mapema, apumzike kivulini kabla jasho halijamzidi, kisha ajimwagie maji safi na kujipaka tena.

Jirani yake, Yustina, mama Obadia, aliisikia sauti ile kila alfajiri kupitia ukutani, akacheka.

"Anajiremba aende shamba! Kwani mpunga utamposa?"

Yustina ndiye aliyewaongoza wanawake wa mtaa wao pale Majimoto waliopandikiza mpunga kwa zamu, leo jaruba la huyu, kesho la yule. Walikuwa na sharti moja tu: anayeacha ngwe yake, kipande alichopimiwa, kabla ya kuimaliza, zamu yake inarukwa.

Siku hiyo walikuwa katika jaruba la Yustina. Kesho yake ingekuwa zamu ya Kasilda. Miche yake ilikuwa tayari kitaluni, nayo ndiyo iliyobeba chakula cha watoto wake cha mwaka mzima. Jua lilipokuwa kali, Kasilda alitoka majini, akaketi kwenye kivuli.

"Nyie, mwoneni malkia!" Yustina alipaza sauti. "Tumletee na feni?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Napumzika kidogo tu, mama Obadia. Ngozi inaniwaka."

"Na sisi tumevaa ngozi za mbuzi? Kaa, mama. Kesho utapandikiza na vyura."

Kasilda hakufunua mkono awaonyeshe. Alipokuwa msichana, wenzake waliwahi kuiona ngozi ile wakakataa kula naye sahani moja. Tangu hapo alivaa mikono mirefu hata juani. Kati yao Rahel pekee, binti wa kaka yake, ndiye aliyejua. Alimletea kata ya maji, akamnong'oneza, "Shangazi, usirudi. Nitakumalizia ngwe."

"Sharti halikubali, mwanangu."

Akarudi. Akainama, akapandikiza huku ameuma meno. Jasho lilimtiririka, tope likaingia kwenye nyufa za ngozi, na nguo ikaanza kulowa damu. Ngwe ilikuwa imebaki kidogo alipoanguka kwa magoti. Jioni homa ilipanda, akapakiwa kwenye pikipiki, Rahel akimshikilia kwa nyuma, hadi kituo cha afya.

Zamu yake ikarukwa. Rahel alipandikiza pembe moja peke yake, kisha akarudi kumuuguza shangazi yake. Miche iliyobaki ikageuka njano kitaluni.

Wanawake wale wale walikuwa na desturi ya kupeleka uji kwa mgonjwa, nayo pia ilikwenda kwa zamu. Zamu ilipomfikia Yustina, alibeba chupa ya uji bila kupenda. Alimkuta Kasilda kituoni, amelala kifudifudi.

"Mama Obadia, samahani," Kasilda alisema kwa sauti ndogo. "Rahel ameenda kufua. Nipake mgongoni, mikono yangu haifiki."

Yustina akafungua kopo. Ko! Kifuniko kilimponyoka, kikagonga sakafu. Aliitambua sauti ile. Alipofunua khanga, aliona mgongo uliopasuka kama jaruba lililokaukiwa maji, nyama nyekundu ikichungulia. Akalegeza mkono, akampaka kama anayempaka mtoto mchanga. Kasilda alishtuka kwa kila mguso, lakini akasema asante.

Baadaye akauliza, "Mpunga wangu umefikia wapi?"

"Miche imekufa, mama Doto. Mimi ndiye niliyesema urukwe."

Kasilda alifumba macho.

"Basi mwaka huu watoto watakula mihogo," alisema.

Yustina alijifuta machozi kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vyake vilijaa mafuta.

"Kila alfajiri nilisikia kopo hili, nikakucheka. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Leo umeketi ukingoni tu, mama Obadia," Kasilda alimjibu bila kugeuka. "Ila mkono wako ni mwepesi. Kesho uje tena."