Waonjaji wa Makande

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakivaa sare na kupigiwa kengele, mambo yalianza siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Saa hiyo, kwenye foleni ya chakula shuleni, binti wa Kindi aitwaye Chausiku alianguka, pu! Hakuteleza. Alikuwa na njaa.

Mama yake alikuwa palepale jikoni. Wazazi wa shule ile walichanga mahindi na maharage, wakapokezana kupika makande, na zamu ya Kindi, ya wiki nzima, ilianza asubuhi ile. Akamwinua binti yake, akamnywesha maji, akamuuliza jana alikula nini shuleni.

"Mchuzi, mama," akasema Chausiku. "Makande yenyewe yalionjwa."

Shuleni pale kulikuwa na desturi nzuri. Kabla watoto hawajala, wakubwa walionja sufuria ili wahakikishe chakula hakina madhara. Zamani walionja kwa kijiko. Kisha Mwalimu Mkuu, Bwana Kiboko, akaja na upawa, halafu na bakuli, na sasa alikuja na beseni. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Fisi, naye alitoka kwake kila siku kuja kuonja kwa niaba ya wazazi. Wote wawili waligundua kwamba sufuria haiwezi kuaminika mpaka uione chini.

Wakishaonja, Kiboko alikwenda kulala katikati ya uwanja wa mpira, na watoto walikatazwa kukimbia wasije wakamwamsha.

Msidhani shule ile haikuwa na sera. Ilikuwa nayo, tena ndani ya fremu, ukutani kwa Mwalimu Mkuu: kila mtoto ashibe, kila mtoto acheze, na wakubwa waongoze mazoezi. Waliiandika katika kikao chenye chai na maandazi. Maandazi yaliisha kabla ya sera.

Basi, Chausiku akiwa bado ameegemea ukuta, wakatokea waonjaji, kila mmoja na beseni lake. Kindi akawaamkia, nao wakaitikia marahaba bila kumtazama mtoto. Kiboko aliuliza kama chumvi imekolea.

Kindi ana mwili mdogo kuliko sikio la Kiboko. Angepigana nao kwa nguvu gani? Akainamisha kichwa, akasema chakula kiko tayari, ila hajui amtangulize nani.

"Mwenyekiti," akasema Fisi.

"Mwenye shule," akasema Kiboko.

"Wazee wangu, sera yenu imeshaamua," akasema Kindi. "Wakubwa waongoze mazoezi. Kizungukeni kile kilima. Atakayefika kwanza aonje kwanza, na mwenzake aonje kitakachobaki."

Wakatazamana. Wote wawili walijua vizuri kinachobaki. Ndicho walichowaachia watoto kila siku.

Kindi akachota majivu jikoni, akachora mstari. Akaanza kuhesabu moja, mbili, lakini hakufika tatu. Fisi alichomoka akichechemea, na Kiboko nyuma yake, du, du, du, tumbo likitangulia magoti. Watoto walishika mbavu.

Wale wawili walipopotelea nyuma ya kilima, Kindi akapakua. Kila mtoto alipata bakuli lililojaa, na Chausiku aliongezwa. Walikwangua hata ukoko. Kisha wakautazama uwanja: mtupu, hakuna anayekoroma. Wakatoa mpira wa matambara, wakacheza mpaka vumbi likapanda.

Fisi alifika kwanza, ulimi nje. Akakuta sufuria imeoshwa na kufunikwa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimeonjwa, mzee," akasema Kindi. "Watoto wote wamekionja, na hakuna aliyedhurika."

Mara Kiboko akaingia akihema kama mvukuto. Akaiona sufuria tupu, akamwona Fisi kando yake.

"Mlafi wewe. Umekula yote."

Fisi akaapa kwa mama yake kwamba hakugusa hata punje. Lakini nani amewahi kumwamini Fisi aliyesimama kando ya sufuria tupu? Walitukanana mpaka kengele ya kurudi nyumbani, na waliachana kila mmoja akinuia kwamba kesho atakimbia zaidi ya mwenzake.

Ndiyo maana tunasema, anayeonja mpaka sufuria ikauke haonji, anakula cha mtoto.

Kesho yake asubuhi, Kindi aliwahi shuleni, akawasha moto, akabandika makande. Kisha akachukua majivu mapya akatoka uwanjani, ambako Kiboko na Fisi walikwisha kusimama wakinyoosha miguu, na akawachorea mstari nyuma kidogo ya ule wa jana.