Jenereta ya Fundi Cherehani

Kawia ufike, walisema wahenga. Hawakusema ulale njiani, la! Walisema bora uchelewe lakini ufike salama. Basi sikilizeni habari za fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno mengi kama mimi, aliyempenda binti yake kama mboni ya jicho.

Binti huyo kazi yake ilikuwa kupanda nguzo za umeme. Mtaa mzima walimwita Tumbili, na mwenyewe akicheka tu. Baba aliponunua jenereta, binti alimwonya: "Baba, usiichomeke kwenye soketi ya ukutani. Umeme utatoka nje, upande mpaka kwenye nguzo, umpige fundi aliye juu. Ngoja nije nikuwekee swichi ya kugeuzia."

"Nimesikia, mama."

Kusikia gani! Upepo ukaja, ukakata waya, mtaa ukazimika. Binti akaitwa kazini mvua inamwagika, hata chai hakumaliza. Roho ikamuuma mzee. Mtoto arudi amelowa chapachapa, akute nyumba giza? Akatafuta waya, akaufunga plagi huku na huku: kichwa kimoja kwenye jenereta uani, kingine kwenye soketi ya sebuleni. Ikabaki kuvuta kamba ya kuiwashia tu.

"Wewe, mtoto alisemaje?" mkewe akauliza.

"Aa! Kajenereta kenyewe kama mbuzi. Katamdhuru nani?"

Mke akamshika mkono, akamvuta mpaka dirishani. "Yule kwenye nguzo ya kona ni nani?"

Mzee akakodoa macho. Akaliona koti la mvua alilolishona mwenyewe, mfuko umekaa upande. Tumbili wake, kakumbatia nguzo, anaunga waya ule ule unaoingia nyumbani kwao.

Mzee akachomoa plagi zote, akachukua mkasi wake wa kazi, ule asiokubali mtu akatie hata karatasi, akaukatakata ule waya vipande vipande. Chai ikachemshwa kwa mkaa. Kabla haijaiva, taa zikawaka zenyewe.

Binti aliporudi akaviona vile vipande. "Baba, hivi ni nini?"

"Vitambaa," mama akajibu, akageuka kucheka.

Kesho yake binti akaifunga ile swichi. "Ukigeuzia huku, nyumba inatumia umeme wa nguzo, huku, wa jenereta. Njia hizo mbili hazikutani."

"Kama mume wa wake wenza," mama akadakia. "Akiwa kwa huyu, kwa yule hayupo."

Upepo ulirudi, Tumbili akapanda tena. Safari hii mzee aligeuza swichi kwanza, ndipo akavuta kamba. Kule juu ya nguzo, binti akaona dirisha la kwao linang'aa, akapunga mkono. Mzee naye akapunga, machozi yanamlengalenga. Kweli, kawia ufike.