Blanketi la Bwana Mbogo

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na baridi!

Na nini tena?

— Na mlango usiofungika!

Basi aliyeingia mwisho aurudishe huo mlango, hadithi isije ikatoka na joto letu. Sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje. Haya.

Hapo kale, huko juu mlimani, ambako mwezi wa saba mtu akisema neno, linatoka na moshi, aliishi Mbogo. Mbogo alikuwa na nguvu, na wenye nguvu wengine huona haya kuomba, basi huchukua tu. Alisema kuni zote za msituni ni zake. Gogo lake, kijiti chake, hata gome lililodondoka lenyewe lake. Akajenga nyumba kubwa yenye milango miwili inayotazamana na madirisha sita yasiyo na vibao, ili kila mpita njia auone moto wake.

Akawasha magogo kumi. Joto likaingia, likasalimia, likatoka kwa mlango wa pili. Mbogo akatetemeka, katakata-katakata. Akawasha magogo ishirini. Joto likaingia, likasalimia, likatoka kwa mlango wa pili. Mbogo akatetemeka, katakata-katakata.

"Kuni hazitoshi!" akanguruma. "Kuna watu wananiibia!"

Akatunga sheria. Huko mlimani alfajiri huanguka sakitu, ile barafu nyembamba nyeupe inayolala juu ya majani na mapaa. Mbogo alijua kwamba moto ukiwaka ndani ya nyumba, sakitu ya paani huyeyuka. Basi kila alfajiri alipita, tindi, tindi, tindi, akikagua mapaa.

"Paa lenye sakitu halina moto. Paa lisilo na sakitu lina moto, na moto ni kuni, na kuni ni zangu!"

Kwa Nungunungu paa lilikuwa limelowa. Akabeba kuni. Kwa Kanga paa lilikuwa linachuruzika. Akabeba kuni. Hakuna aliyebisha. Nani abishane na pembe?

Sasa, kando ya mwamba, kwenye kibanda cha fito, waliishi Bibi Pimbi na binti yake Sekela. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, hata mkia hana. Sekela alijifungua kabla ya siku zake, mtoto akatoka mdogo hata angeweza kulala ndani ya kata ya kuchotea maji. Wakakubaliana wasimpe jina mpaka baridi ipite, maana mtoto akishaitwa jina, kumzika kunauma zaidi.

"Mama," Sekela akasema, "nyayo zake zimepoa." Akalia.

Bibi Pimbi naye alitaka kulia, ila alikuwa na kazi. Kuni zao zote zilikuwa mzigo mmoja wa vijiti.

"Mwanangu, moto mkubwa hatuna," akasema. "Huu mdogo tutaulinda usitoroke."

Akashindilia nyasi kavu katikati ya fito za ukuta. Akakandika udongo uliochanganywa na mavi ya Mbogo, maana hayo Mbogo hakusema ni yake. Akatengeneza dari la matete, akalijaza majani makavu yanayofika magotini. Mlango akaufanya mdogo, wa kuingia kwa kutambaa. Akaacha tundu moja tu la moshi, la ukubwa wa ngumi. Na huku kazi ikiendelea, anaimba:

Ziba, mama, ziba,
upepo una kidole.
Jicho halioni tundu,
kidole kinaliona.

Mchana ukungu ukitanda, moshi usionekane, aliwasha vijiti vitatu tu. Akapasha mawe matatu, akayafunga kwa nyasi, akayapanga kandokando ya mtoto. Jioni mawe yalikuwa na joto. Alfajiri mawe yalikuwa bado na joto.

Udongo ulimwishia upande mmoja tu, wa mashariki, ule unaopigwa na upepo. Basi hapo Bibi Pimbi akalala mwenyewe, mgongo ukutani, mtoto upande wa tumboni. Mgongo wake ukawa unauma kwa baridi, naye hakumwambia Sekela.

Alfajiri Mbogo akaja, tindi, tindi, tindi. Akatazama paa la Bibi Pimbi. Jeupe! Joto lote lilikuwa chini na mtoto, halikupata hata njia ya kufika paani.

"Hawana moto, maskini," akasema, akapita.

Kesho yake akatazama. Jeupe! Akapita. Siku ya tatu akatazama. Jeupe! Ile anapita, mtoto akapiga chafya: chwi!

Mbogo akarudi. Akaweka pua kwenye tundu la moshi. Pua ikapata joto.

"Humu mna moto! Toka, bibi, nibomoe!"

Bibi Pimbi akatoka kwa kutambaa. Alijua ukuta ukianguka, mtoto hafiki jioni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Hivi ile sheria ya paa lenye sakitu, ni ya nani?"

"Yangu!"

"Inasemaje?"

"Paa lenye sakitu halina moto!"

"Tazama paa, Bwana Mkubwa."

Mbogo akatazama. Jeupe. Sheria yake, na macho yake.

"Basi hili joto ni la nini?"

"La sakitu yenyewe. Hilo ni blanketi. Sisi tusio na kuni tunafunikwa tu. Wewe kila siku unashushiwa blanketi, na kila siku unaliunguza kwa moto."

Mbogo akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Kisha akatimua mbio, tinditinditindi, akamwaga maji kwenye moto, tshiii! Akaita mlima mzima: "Njooni mchukue kuni hizi, zisije zikaniunguzia blanketi!"

Nungunungu hakuuliza mara mbili. Kanga hakuuliza hata mara moja.

Alfajiri iliyofuata paa la Mbogo lilikuwa jeupe, uwanja wake mweupe, na Mbogo mwenyewe mweupe mpaka kope. Akaja kwa Bibi Pimbi akiyumba.

"Bi-bi, bla-nketi ni-melipata. Mbo-na ba-ridi?"

Hapo, jamani, Bibi Pimbi angeweza kucheka. Lakini alikuwa amekesha siku kadhaa akisikiliza pumzi ya kitu kidogo, na hakuweza tena kumwona yeyote akitetemeka. Akamhurumia kweli. Akamhurumia, ila akili hakuiacha ndani.

"Hukujifunika vizuri, Bwana Mkubwa. Blanketi hili halitaki mtu peke yake. Lala hapa upande wa mashariki, ubavu ukutani."

Akamletea jiwe moja la moto, akamwekea chini ya shingo.

Mbogo akalala, puu! Upepo ukaja, vuuu, ukagonga ubavu wa Mbogo, ukarudi ulikotoka. Ndani, Bibi Pimbi akautoa mgongo ukutani kwa mara ya kwanza, akanyoosha miguu. Sekela akashika nyayo za mtoto.

"Mama," akasema, "zina joto."

Wakalia wote wawili, safari hii bila haraka.

Huko nje Mbogo akasikia pumzi ya mtoto ikipita ukutani: fuu, fuu.

"Bibi," akanong'ona, na maishani mwake hakuwahi kunong'ona, "kumbe ni mimi ninayemtia joto huyu mtoto?"

"Ni wewe, Bwana Mkubwa."

"Basi apewe jina langu."

Ndiyo maana huko mlimani kuna pimbi anayeenea kwenye kata ya maji, anaitwa Mbogo. Na kila mwezi wa saba yule wajina wake mkubwa huja kulala nje ya ukuta, upande wa mashariki, bila kuitwa.

Fundisho? Fundisho la hadithi hii ni kwamba wadogo hupata joto kwa hisani ya wakubwa. Ndivyo anavyosema Mbogo mwenyewe, na sisi tunamwitikia. Msije mkamwambia vingine kabla ya baridi kuisha, mtoto amelala.

Hadithi yangu nimeifukia majivuni. Atakayeamka mapema aipulize.