Mtani wa Mezani

Mtani wa mezani, bubu msibani. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Imakulata jana kwenye kikao cha harusi, Deo alipoulizwa tena nani atakwenda kumchukua bibi mgonjwa kule kijijini, naye akajibu kwa mzaha kama kawaida yake, watu wakacheka na jambo likataka kupita. Mlimwona Deo alivyofyata mkia. Leo, wajukuu zangu, mmekuja kuniuliza maneno hayo yalitoka wapi, na Editha ameshaamua kwamba ni ya mababu wa kale. Si ya mababu. Methali hii ni changa kuliko mimi, na siku ilipozaliwa nilikuwapo, nimesimama na kofia mkononi. Ilianza hivi.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mwendesha pampu katika mamlaka ya maji ya mji mmoja mkubwa. Jina lake mniwie radhi, silitaji. Ilikuwa mali ya umma, na wafanyakazi tulikuwa wengi hata baadhi tulitambuana kwa sare tu. Walikuwapo wa mitambo, wasoma mita, wa ofisini, na walikuwapo wale tuliowaita watu wa chemba. Hao ndio walioshuka kwenye mashimo ya maji taka yalipoziba. Mtu akishamwaga maji chooni hataki kujua yanakwenda wapi, na wala hataki kumjua anayeyafuata huko yaliko.

Mkuu wa utumishi alikuwa Bwana Kihwele, Mhehe, mtu mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Kazi yake ilikuwa kukaa na chama cha wafanyakazi na kusikilizana nacho. Kabla yake palikuwa na mgomo mbaya, mji ukanuka, wakubwa wakafukuzwa. Kihwele alipokabidhiwa kiti aliapa kwamba katika enzi yake hakutakuwa na mgomo, na kweli haukuwapo. Wala hakuwa mtu mbaya, wajukuu zangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alijua majina ya watoto wetu. Hakukosa msiba hata mmoja. Angekuwa katili nisingekuwa na hadithi ya kuwapa, maana makatili wana methali zao za kutosha.

Kwa upande wa chama, mwenyekiti wa tawi alikuwa Mama Kolumba Nyoni, msoma mita, Mngoni wa Songea. Hakuwa mpiga meza. Alisema jambo lake kwa sauti ya chini, akanyamaza, akangoja jibu.

Sasa sikilizeni, maana ninyi utani mnaoujua ni wa kwenye simu. Mhehe na Mngoni ni watani tangu enzi za vita vya mababu zao. Walipochoka kuuana wakaamua kutukanana kwa heshima. Mtani akikutania hukasiriki. Ukikasirika, wazee wanakutoza kuku na watu wanakucheka mwaka mzima. Lakini utani nao una kazi yake nzito. Siku ya msiba, mtani ndiye anayeshuka kaburini kabla ya jeneza. Hujilaza humo, husema shimo ni fupi, marehemu alikuwa mlafi hataenea, hukataa kutoka mpaka apewe kuku au chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua. Ndiyo maana ya kumvumilia siku nyingine zote. Mtani anakudhihaki ukiwa hai kwa sababu ana deni la kukusindikiza ukifa.

Kihwele aliuchukua utani huo akauingiza katika baraza la wafanyakazi, pale menejimenti na chama wanapokutana kuzungumzia hali za kazi. Mwanzoni ulikuwa wa kuchangamsha tu. Halafu akagundua kwamba jambo gumu likiletwa na Mngoni, akilijibu kwa utani, Mngoni hawezi kukasirika, na jambo lisilokasirikiwa huweza kuahirishwa. Meneja mkuu alimsifu kwamba anazima moto bila maji. Mimi sikuwa mjumbe wa baraza. Nilisimuliwa na waliokuwamo, na kila aliyenisimulia alianza kwa kuangalia chini.

Jambo lenyewe lilikuwa hewa. Ndani ya chemba huwa kuna hewa mbaya inayomwangusha mtu kabla hajaita. Chama kiliomba feni ya kupuliza hewa safi chini kabla mtu hajashuka, na mkanda wenye kamba ili akilegea avutwe juu. Basi. Hawakuomba nyongeza wala posho. Na ili baraza lisidhani ni maneno ya kusomwa tu, Mama Nyoni alimleta mtu wa chemba mwenyewe, Hilari Fusi, kijana Mngoni mwenzake, mwimbaji wa kwaya, baba wa watoto wadogo. Hilari alisimama, akaeleza jinsi alivyopata kizunguzungu kule chini hata mikono ikamlegea, akapanda ngazi kwa kudra za Mungu.

Bwana Kihwele alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaegemea kiti, akatabasamu.

"Mtani, tangu lini Mngoni akaogopa shimo?" alisema. "Si ndiko kinakokaa kitoweo chenu? Nikiwapa feni, panya wote watakimbia, mtakula nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wangoni hutaniwa kwa kula panya kama Wahehe wanavyotaniwa kwa kula mbwa, kwa hiyo kila mtu aliuona utamu wake. Hilari mwenyewe alicheka, akaketi. Mama Nyoni naye, kwa kuwa mila ilimtaka ajibu, akasema afadhali wao wa panya, kuliko Wahehe ambao mmoja akihamia mtaani, mbwa wote wanaaga watoto wao. Watu wakacheka zaidi. Kicheko kilipotulia, mwenyekiti wa baraza alikuwa ameshaingia katika ajenda ya sare.

Kikao kilichofuata suala la hewa likarudi, likaitwa feni ya panya, likachekwa, likaahirishwa. Mama Nyoni alipoona hivyo alimfuata Kihwele ofisini kwake, akamwambia kwamba siku hiyo hakuja kutania. Kihwele akavaa uso wa kazi. Akamweleza kwa upole kabisa kwamba mambo ya chama yana mahali pake, ndani ya baraza, na kwamba akianza kuyapokea mlangoni menejimenti itasema anapendelea. Mama Nyoni akarudi barazani, akakuta utani. Ofisini mtu yule alikuwa meneja, barazani alikuwa mtani, na Kolumba hakumpata popote pa kumshika. Wenzake walimshauri akasirike tu, alipe huyo kuku. Hakuthubutu. Aliogopa kuonekana mwanamke asiyejua utani, na nadhani katika mambo yote hilo ndilo analojilaumu zaidi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Asubuhi moja chemba ya karibu na soko ilifurika, maji machafu yakaingia kwenye mabanda ya mboga, wafanyabiashara wakapiga simu kila mahali hadi kwa wakubwa wa mkoa. Amri ikatoka juu kwamba pazibuliwe mara moja. Hilari alishuka. Wenzake wawili walibaki juu wakimsikia anaimba, maana alikuwa na tabia ya kuimba akifanya kazi, kisha hawakumsikia. Mmoja alitaka kumfuata, mwenziwe akamshika shati, na alifanya vema, la sivyo tungezika wawili. Hawakuwa na kamba ya kumvuta. Walipopata watu, na kamba ya kuazima kwa mpagazi wa soko, Hilari alikuwa ameshakwenda.

Tulimpeleka kwao kwa basi la kazini na lori, safari ya kutwa nzima. Kihwele alikuja. Angeweza kutuma mwakilishi, lakini kama nilivyosema hakuwa mtu wa kukosa msiba. Alipanda lori na sisi wa kawaida, akakaa kando ya jeneza amelishika lisiyumbe barabarani.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye migomba. Padri alipomaliza sala, mzee wa ukoo akatazama huku na huku, akauliza kama watani wamefika. Lilikuwa swali la kawaida, kama mwenye nyumba anavyouliza kama wageni wamenawa mikono. Sisi wa kazini wote tuligeuka tukamtazama mtu mmoja, na tukatamani tusingegeuka. Hapakuwa na Mhehe mwingine pale.

Mama yake Hilari alikuwa ameketi kwenye mkeka, mwanamke mfupi aliyechoka kwa kulia. Aliposikia kwamba Mhehe yupo, uso wake ulipata uhai kidogo. Hakujua lolote la barazani. Nani angemwambia? Alinyoosha mkono, Kihwele akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Ndiye wewe mtani?" aliuliza.

"Ndiye, mama."

"Asante kuja, mwanangu. Hilari alikuwa akikutaja. Alisema kazini kuna Mhehe mmoja anawachekesha mpaka wanasahau shida zao." Akampapasa bega. "Haya, shuka umpimie shimo. Nicheke kidogo kabla hawajamfunika."

Kihwele akainuka. Akavua koti, akalikunja, akakosa pa kuliweka, akabaki nalo mkononi. Akasogea mpaka ukingoni. Watu wa kijijini walikuwa wameanza kutabasamu, wakingoja, wengine wameshika kuku wa kumkombolea. Akatazama chini ndani ya shimo. Neno la utani juu ya Mngoni na shimo tunalolijua kutoka kinywani mwake lilikuwa moja tu, wajukuu zangu, na alikuwa ameshalitumia, marehemu akiwa hai, amesimama mbele yake akiomba hewa.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kisha akaketi kwenye kifusi, akajifunika uso kwa lile koti, akalia kama mtoto. Mtani halii kaburini kwa mtani wake. Katika mila hiyo ni aibu kubwa, maana anayelia hapo anatangaza kwamba alimkosea marehemu na hakulipa. Tabasamu za wanakijiji zikafa moja baada ya nyingine. Waliokuwa wajumbe wa baraza niliwaona wanarudi nyuma taratibu, mmoja mmoja, mpaka wakawa nyuma ya migomba. Mimi niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule mama aliyeomba kicheko kidogo tu akanyimwa.

Hilari akazikwa bila mtani.

Tulipokuwa tunarudi kwenye mikeka, mama yake alimshika Mama Nyoni mkono. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshangaa tu.

"Binti yangu, mmeniletea mtani gani huyu, bubu?"

Kolumba akamwinamia.

"Ni mtani wa mezani, mama," alisema. "Kule kwenye meza anasema sana, na sisi tunacheka. Mimi nilicheka. Mwanao aliomba pumzi, tukacheka."

Ndipo mama akaelewa. Hakupiga kelele. Aliuachia mkono wa Kolumba, akajifunika khanga kichwani, akaingia ndani, akafunga mlango. Waliosikia maneno yale mawili, lile la mama na lile la Kolumba, waliyaunganisha wakiwa bado kwenye lori, na kabla ya mwezi kuandama yalikuwa yamefika karakana zote.

Feni zilinunuliwa. Mikanda na kamba pia, na ikawekwa sheria kwamba hakuna kushuka bila hewa kupulizwa kwanza. Kihwele mwenyewe ndiye aliyeisimamia, kwa macho makavu, na ajenda za chama akawa anazijibu palepale, ndiyo kwa ndiyo, hapana kwa hapana. Msije mkadhani kwamba hapo mambo yakawa mazuri. Wangoni wa kazini hawakumtukana wala kumsema. Walifanya jambo baya zaidi, waliacha kumtania. Mngoni akikutana naye kwenye korido alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, Bwana Kihwele," akapita. Siku moja alijaribu kumtupia neno mlinzi mmoja Mngoni, la zamani, lisilo na ubaya. Mlinzi akasimama wima akajibu, "Ndiyo, mzee." Niliona jinsi sura yake ilivyoporomoka. Aliishi hivyo hadi alipostaafu, akiheshimiwa na watu aliotaka wamtukane.

Siku ya kuagwa walimwomba awape nasaha mameneja wapya watakaokaa na chama baada yake. Ukumbi ulijaa, na Mama Nyoni alikuwa kiti cha mbele. Vijana wale walikuwa wameshika kalamu, maana mtu aliyemaliza miaka yote ile bila mgomo walidhani ana siri. Kihwele alisimama muda mrefu bila kusema. Nikaogopa kwamba yatatokea tena yale ya kaburini. Lakini safari hii sauti ilitoka, ya chini, bila kicheko ndani yake.

"Mtani wa mezani, bubu msibani," alisema. "Mnaisikia ikisemwa humu kila siku. Basi, ni mimi."

Akaketi.