Kete ya Sita ya Bi. Kashindi

Kaeni mnavyotaka, mkeka hauna mwenyewe. Ombi langu ni moja: asijibu mtu kabla sijamaliza. Wanaojibu mapema ndio hao hao wanaobadilisha jibu wakishasikia wengine wamesema nini.

Palikuwa na watu watatu Ujiji, kila mmoja na kipaji chake. Sikudhani, mama wa miaka hamsini na tisa, alikuwa hasahau utoto wa mtu. Ukikutana naye sokoni atakukumbusha ulivyojikojolea darasa la pili. Bilali, fundi cherehani, alikuwa na jicho la karata, na mtaa mzima ulimwita Bingwa. Maulidi, fundi redio, mdogo wake Sikudhani kwa miaka ishirini na mbili, alikuwa na kipaji cha kutomwamini mtu. Msicheke, hicho nacho ni kipaji.

Sikudhani na Maulidi ni watoto wa Bi. Kashindi. Kati yao alikuwapo mwingine, Ramazani, aliyekua pamoja na Bilali kama pacha wake. Akiwa na miaka kumi na tisa aligombana na baba yake, akavuka ziwa kwenda Kongo, miezi saba kabla Maulidi hajazaliwa. Hakurudi, na hakuandika. Halafu mwaka wa thelathini na nane, Jumanne moja asubuhi, mtu mwenye mvi na begi moja akapiga hodi, akasema, "Mama, ni mimi, Ramazani."

Bi. Kashindi alikuwa haoni tena. Mtu kwake ni sauti, na sauti ya kijana wa miaka kumi na tisa haifanani na ya mzee wa hamsini na saba. Mgeni alijua jina la babu, alijua kisima kilipokuwa, alimjua hata mbuzi aliyetumbukia humo. Maulidi akasema hayo yote mtu anaweza kuyasikia kwa Ramazani halisi wakiishi pamoja huko, kisha akayabeba kama robota la mitumba. Kuna vipimo vya damu, najua, msinifundishe. Bi. Kashindi alisema hatachomwa sindano ili kijana wa maabara aje kumwambia amemzaa nani.

Akampa mgeni chai, akamwita "bwana", akaagiza aonyeshwe njia ya gesti. Ila chai yake mwenyewe hakuinywa. Ilipoa mkononi.

Jioni aliwaita watatu wale. "Nina miaka sabini na saba," alisema. "Sitaki kufa nimemfukuza mwanangu, na sitaki kufa nimemkumbatia tapeli. Atakayenijulisha, bao la marehemu mume wangu ni lake."

Bao lile la mninga ndicho kitu pekee nyumba ile iliwahi kukigombea. Lilipowekwa, ndipo watu walipokuja alasiri, wenye ugomvi na wasio nao. Na lilikuwa moja.

"Maneno yanabebwa," Sikudhani akasema. "Mikono haibebwi. Tumchezeshe."

Kesho yake akachimba kishimo uani, akajaza kokoto, akamwita mgeni wacheze mdako, ule mchezo wa kurusha jiwe juu na kukomba kokoto kabla halijatua. Mzee mzima akachuchumaa, magoti yakalia. Mgeni huyu alikula kwa mkono wa kulia na kuandika kwa mkono wa kulia. Jiwe lilipopaa, ukatoka wa kushoto. Ramazani alichapwa madrasa mpaka akauacha mkono wa kushoto kila mahali, isipokuwa kwenye mdako, ambako watu wazima hawakuwapo kumwona. Aliyeona ni dada yake tu. Sikudhani alimweleza mama yake hayo, kisha ikabidi aongeze la pili. "Ni mimi niliyekwambia uache kumwekea sahani. Ni mimi niliyesomesha khitma. Nilimzika mtu aliye hai, mama."

Bilali hakutikisika. Alisema kama ni mashoto, mtaa ule una akina Ramazani kumi.

Akagawa karata. Yeye na mgeni upande mmoja, Maulidi na Mzee Feruzi, baba mkwe wa Bilali, upande wa pili. Katikati ya mchezo Bilali akaweka kofia yake sawa, mara mbili. Mgeni alikuwa ameshatoa shupaza aitupe. Akairudisha, akatupa kopa. Wakashinda. Hapo Bilali akafanya jambo ambalo nisingelitarajia kwa mtu anayeitwa Bingwa: akasema kweli. Ujanani yeye na Ramazani walikuwa na ishara, kofia mara mbili, nipe kopa. Hawakumwambia mtu, kwa sababu waliokuwa wakiibiwa walikuwa na fimbo. Mzee Feruzi, aliyepoteza jogoo kila sikukuu enzi hizo, alikung'uta kanzu yake, akasimama.

"Kumbe ubingwa wenyewe kofia," akasema, akaenda zake. Tangu hapo hakuna anayemwita Bilali Bingwa, na salamu za Bilali, Mzee Feruzi huzipokea kupitia mtu wa tatu.

Maulidi naye hakutikisika. Alisema karata ni za aina nne, na kubahatisha moja si muujiza.

Akaleta bao, yeye ambaye hakuwahi kumwona Ramazani hata siku moja. Wakapanga kete. Lile shimo kubwa linaloitwa nyumba, kila mchezaji huanza nalo na kete sita. Mgeni akahesabu sita, kisha akatoa moja katika nyumba yake, akaiweka chini, karibu na goti. Wakacheza. Maulidi alipoanza kuzidiwa, mgeni akaiokota kete ile bila neno, akaisukuma upande wa Maulidi.

Hivyo ndivyo marehemu alivyocheza na wanawe wa kiume, ndani ya nyumba tu, si barazani. Kete ya sita ilikuwa ya anayeshindwa. Sikudhani alikuwa pale, aliona, na hakuelewa. Yeye hakufundishwa bao, baba yake alidhani wasichana wana kazi nyingine, na hilo tuliache. Bi. Kashindi angeelewa, ila haoni. Aliyejua ni Maulidi peke yake. Na Maulidi ndiye mwenye karakana katika vyumba viwili vya mbele, ambavyo baba yake aliviacha kwa mtoto mkubwa wa kiume, akirudi. Angeweza kupiga miayo akasema mtu huyu hajui bao. Alikaa kimya kwa muda wa kutosha kuvihama vyumba viwili.

Kisha akasema, "Umecheza vizuri, kaka," akawaeleza wote habari ya kete ile.

Bi. Kashindi akageuza uso. "La kwanza nililikataa," akasema. "La pili nikalikataa. Hili limetoka kwa asiyemwamini mtu. Ramazani, nenda gesti ukachukue begi lako."

Ugomvi ukaanza hata begi halijafika. Sikudhani akasema bila mdako wake mtu yule angefukuzwa siku ile ile. Bilali akasema wenzake wamepata ndugu, yeye kapoteza jina na mkwe. Maulidi akasema ya wenzake yangeweza kuwa bahati, na yeye ndiye pekee aliyekuwa na la kuficha asilifiche.

"Tangu lini mtu akalipwa kwa kutokuiba?" Bilali akauliza.

"Na kwa kuiba, tangu lini?" Maulidi akamrudishia.

Ramazani alipoulizwa, akasema yeye kamfuata mama, hakulifuata bao. Maulidi akamtazama kama anavyoitazama redio iliyojiwasha yenyewe.

Mimi nawashuku wote. Mmoja alikuwa anatua mzigo wa dhamiri, mmoja anamtaka mwenzake wa karata, na wa tatu alichelewa mno kusema. Lakini toa mmoja wao, na mgeni angebaki "bwana".

Bi. Kashindi akalipakata bao. Akapapasa nyumba, akachomoa kete moja, akaifumba mkononi. "Atakayepewa hii, achukue na bao," akasema. "Mnajua ni ya nani. Ni ya anayeshindwa."

Basi viganja vitatu vikanyooka mbele yake, na watu watatu, kwa mara ya kwanza maishani, wakaanza kushindana nani kashindwa zaidi.

Msiniambie likatwe vipande vitatu. Aliyesema hivyo alinyang'anywa kikombe cha chai. Mkono wa mama bado umefumbwa. Je, wewe ungeufungua juu ya kiganja cha nani?